Wapangaji wa wilaya wakija shehiani: waanze na maji, viwanja baadaye

Assalaam alaykum wanajukwaa. Ndugu aliyeanzisha uzi anasema shehia yao (eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha), pembezoni mwa mji wa Unguja, mashamba yanakatwa viwanja kila uchao. Wameambiwa wapangaji wa wilaya watakuja kutengeneza mpango wa matumizi ya ardhi, naye anauliza: watu hao hufanya nini hasa, na wenyeji wajitayarishe vipi? Nitajibu kwa kirefu, maana mtaa huokolewa hapa au hupotea hapa.

Kwanza hesabu. Sensa ya 2012 ilikuta Zanzibar watu 1,303,569. Ya 2022 ikakuta 1,889,773. Hilo ni ongezeko la asilimia 3.7 hivi kwa mwaka, na kwa mwendo huo watu huwa maradufu kabla ya miaka 20 kutimia. Karibu nusu ya wote wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Kwa hiyo mpangaji haangalii nyumba zilizopo tu. Anatafuta pahala pa nyumba za watoto walioko skuli leo.

Sasa chukua shamba la eka tatu, kama zile zilizogaiwa baada ya Mapinduzi. Ni mita za mraba 12,140 hivi. Ukilikata lote kwa viwanja vya mita 15 kwa 20, unapata 40. Ukitoa kwanza robo hadi asilimia 30 kwa ajili ya njia, mitaro na eneo la umma, vinabaki 28 hadi 30. Viwanja hivyo kumi au zaidi vinavyopungua ndivyo vinavyomshawishi mwenye shamba akate bila kuacha njia. Na ndivyo vinavyomfanya mnunuzi wa nyuma apitie uani kwa mwenziwe, na siku ya msiba jeneza likwame penye kona ya ukuta, watu walinyanyue juu ya vichwa kulipitisha.

Kwenye kikao cha kwanza, basi, semeni wazi kila mwenye shamba atoe sehemu kwa kadiri ya ukubwa wa shamba lake. Ikiwa njia yote itapita kwa mtu mmoja na majirani wasitoe kitu, huyo atapinga, na atakuwa na haki.

Waombeni wapite shehiani wakati wa masika, Machi hadi Mei. Picha za droni zilizopigwa Zanzibar kuanzia 2016 zinaonesha paa na miti vizuri sana, lakini picha ya kiangazi haimuoneshi mtu maji yanapolala. Watembee na sheha, washauri wake, na wazee wanaojua bonde lilikuwa wapi kabla halijajazwa kifusi. Kabla ya kiwanja chochote, ramani iwekewe visivyohama: njia ya maji, madimbwi, visima, makaburi, misikiti, nguzo za umeme.

Maji hayana msamaha. Paa la mita za mraba 100, mvua ikinyesha milimita 50, linamwaga lita 5,000. Nyumba 30 ni lita 150,000, sawa na maboza 15 ya lita 10,000, kwa mvua moja. Palipokuwa shamba, maji mengi yalizama ardhini; penye paa na saruji yote hukimbilia bondeni. Mtaro upewe mteremko usiopungua nusu sentimita kwa kila mita, yaani nusu mita kwa kila mita 100, la sivyo mchanga unatuama. Kalvati la bomba, linalopitisha maji chini ya njia, lisiwe chini ya milimita 600. Jembamba zaidi likiziba kwa taka, hakuna anayeweza kuingiza mkono wala koleo kulisafisha. Na aliyejenga juu ya njia ya maji hakuyaondoa maji, ameyapeleka kwa jirani.

Karo, yaani shimo la maji machafu ya choo, ndilo linalosahauliwa sana. Maji tunayokunywa yanatoka chini ya ardhi, na sehemu kubwa ya Unguja chini ni mawe ya matumbawe yenye nyufa, uchafu hupita haraka. Kipimo kinachotumika sana ni mita 30 baina ya shimo la choo na kisima, na kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Kiwanja cha futi 40 kwa 50 ni kama mita 12 kwa 15. Ndani yake mita 30 haipatikani hata ufanyeje. Kwa viwanja vidogo hivyo, mpango uchague kisima cha pamoja kwenye eneo lililotengwa, lenye uzio, upande wa juu wa mteremko.

Njia za ndani zipewe mita 10: sita za gari, na mbili kila upande za mtaro, bomba na nguzo. Kwa ufupi, gari la zimamoto na la kunyonya karo yapite na yaweze kugeuka.

Kwa wenzetu wa Pemba, hesabu ni hiyo hiyo ila ardhi ni vilima. Njia ifuate kiuno cha kilima, isishuke moja kwa moja, kwani hiyo inageuka mfereji na kuchukua udongo hadi kwenye mabonde ya mpunga.

Kuhusu karatasi: kwa Sheria ya Ardhi ya Zanzibar ya 1992 ardhi ni ya umma, mtu hupewa haki ya matumizi, na miti inaweza kuwa na mwenyewe mbali na ardhi. Saini ya sheha kwenye mauziano inashuhudia kuwa mmekubaliana. Haisemi kuwa pahala hapo panajengwa. Kabla ya kutoa hata shilingi ya rubuni, yaani malipo ya awali, nenda ofisi ya mipango ukaoneshwe kiwanja hicho kwenye ramani. Rasimu ya mpango ikibandikwa, pingamizi liandikwe, litaje namba ya eneo, na mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Mkishakubaliana, msingoje viwanja vyote vipimwe. Wekeni bikoni (alama za mipaka) za njia kwanza, wiki hiyo hiyo: shimo la sentimita 60, nondo katikati, zege lijae mpaka juu. Kigingi cha mti hung'olewa usiku mmoja.