Kabla hujazichezesha rangi nyuma ya skrini

"Mwanangu, hii simu mbona inapata joto nikifungua kitu chako?"

Aliyeuliza ni mama mmoja muuza vitenge, mweka hazina wa kikoba. Niliwatengenezea programu ya kurekodi hisa na mikopo, kwa Flutter (zana ya kuundia programu za simu), na skrini ya kuingilia nikaipamba: bluu inayeyukia kwenye njano, njano inarudi bluu, haipumziki. Kwenye simu yangu iliteleza kama samli. Kwenye yake ilikuwa inakwamakwama.

Kosa lilikuwa uvivu wangu. Nilikuwa naita setState, amri ya kujenga upya sehemu ya skrini, kila fremu (kila picha moja inayochorwa), tena kwenye ngazi ya juu kabisa inayobeba skrini nzima. Simu ya fremu 60 kwa sekunde ina milisekunde 16 na ushee tu kwa kila fremu, na ndani ya muda huo mimi naiamuru ijenge upya vitufe, nembo na kisanduku cha nywila, eti rangi ya nyuma isogee kidogo. Nilihamia AnimatedBuilder, inayojenga upya kile kinachosogea tu, vitu visivyobadilika nikavipitisha kwenye nafasi yake iitwayo child ili vijengwe mara moja, halafu mandharinyuma yenyewe nikaifunga ndani ya RepaintBoundary, ili ichorwe peke yake bila kugusa vingine. Controller, yaani kiendesha animesheni, nayo ina dispose yake ya kuifunga skrini ikiondoka, usiisahau. Na kama unataka rangi ibadilike mara moja tu, tuseme mchango umepokelewa, achana na controller kabisa: AnimatedContainer, kisanduku kinachojibadilisha chenyewe, ipe gradienti mpya (rangi zinazoyeyukiana) na muda, itamaliza kazi yenyewe.

Halafu kuna ile rangi ya kijivu iliyojitokeza bluu ilipokutana na njano. Mtoto akichanganya rangi za maji, bluu na njano anapata kijani. Skrini haifanyi hivyo. Bluu ni 0, 0, 255 na njano ni 255, 255, 0. Programu inachukua wastani wa kila namba, na katikati unapata takriban 128, 128, 128, yaani kijivu. Nilihangaika jioni nzima nikidhani skrini ni mbovu! Weka rangi ya tatu katikati, au chagua rangi zilizo jirani. Mimi nilikimbilia bluu ya bahari na zambarau.

Njano niliifukuza kwa sababu nyingine pia. Maandishi yangu yalikuwa meupe, na yule mama hufungulia programu kibarazani, juani. Kila njano ilipopita, maneno yalimezwa. WCAG, mwongozo wa kufanya skrini zisomeke na kila mtu, unataka utofauti wa mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Upime wakati rangi imefikia mwanga wake mkali kabisa, si pale skrini inapofunguka.

Kasi? Nilianza na sekunde 2, ikawa disko. Sasa ni 12 kwenda na 12 kurudi, kwa repeat(reverse: true), amri ya kurudia mbele na nyuma. Wapo pia wanaozima animesheni kwenye mipangilio ya simu kwa sababu zinawatia kizunguzungu; MediaQuery, inayosoma mipangilio ya simu, itakuambia kupitia disableAnimations, nami nikikuta hivyo naiacha gradienti itulie. Na ujaribie kwenye simu ya bei nafuu kuliko zote unayoweza kuazima, kwa flutter run --profile, hali ya kupimia kasi halisi, maana hali ya debug, ya kutafutia makosa, hukwama hata pasipo na kosa.

Ukurasa wa hesabu niliuacha mweupe mtupu. Toleo jipya nilimpelekea mwenyewe dukani. Kuhusu rangi hakusema neno. Alitaka tarakimu za hisa ziwe kubwa zaidi.