Usiuuze Upinde Wako Bado

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba anataka kuuza upinde wake wa kuwindia. Akiuvuta bega linauma, upote, yaani kamba ya upinde, unapiga kelele, mishale inatua inakotaka yenyewe. Kaambiwa tatizo ni yeye. Ujumbe huo niliusoma mara mbili, kwa kuwa nami niliambiwa hivyo hivyo mbele ya watu, na mtu niliyemheshimu: "Wewe huna mkono wa upinde." Miaka imepita, bado inanichoma.

Upinde wangu ulikuwa wa mti mtupu, na kuuvuta inchi 28 kulitaka nguvu ya pauni 55. Mimi mvuto wangu, yaani urefu ninaofikia nikivuta, ni inchi 26, na sikuwa nimewahi kujipima. Kila inchi inayopungua huondoa kama pauni 2 au 3, kwa hiyo nilikuwa nabeba karibu pauni 50, na hizo bado zilinizidi. Mkono ulitetemeka kabla upote haujafika shavuni.

Kwa hasira nikachukua kisu, nikakwangua tumbo la upinde, upande unaomtazama mpigaji, mahali pamoja tu. Ukapinda pale pale kama goti, ukavunjika mikononi mwangu. Nililia, wala sioni haya kusema.

Wa pili niliuendea taratibu. Ujue kwamba ukipunguza unene wa mti kwa sehemu moja ya kumi, zaidi ya robo ya nguvu inaondoka. Ukipunguza upana kiasi hicho hicho, inaondoka sehemu moja ya kumi tu. Ndiyo maana sasa naanzia ubavuni. Nakwangua kidogo mkono mzima wa upinde, yaani tawi lake la juu au la chini ya kishikio, navuta mara thelathini ili mti uzoee, ndipo napima tena. Mgongo, upande unaotazama mbele, siugusi kabisa, maana ukikata nyuzi za mti upande huo, upinde utapasuka siku usiyoitegemea.

Kilichonibadilisha hasa ni vidole. Nilifundishwa kuweka kimoja juu ya mshale na viwili chini. Jicho langu lilitaka mshale uwe karibu zaidi, nikaviweka vyote vitatu chini. Kelele zikaongezeka! Nikadhani nimeharibu tena. Kumbe pinde nyingi hutengenezwa mkono wa chini ukiwa mgumu kidogo kuliko wa juu, kwa ajili ya ule ushikaji wa kwanza. Vidole vikishuka, mpango huo haufai tena. Nikalainisha mkono wa chini mpaka mikono yote miwili ikawa sawa, nikapandisha kidogo alama ya kuchomekea mshale, na upinde ukatulia. Kishikio nikakizungushia ngozi mpaka kikajaa kiganjani. Hiyo ni kazi ya jioni moja.

Ndugu zangu, tunaona fahari kuvuta upinde mzito, halafu tunamjeruhi mnyama badala ya kumwangusha. Hilo ni kosa zito kuliko aibu ya kuonekana dhaifu. Jipime kwanza. Usikwangue kabla hujajipima. Na upote usiuachie bila mshale, hata kwa kujaribu, kwa sababu nguvu yote inarudi kwenye mti.

Jumamosi nilipiga mishale sita kwa hatua ishirini, yote ikaingia kwenye duara la kiganja. Msomaji wangu, vuta upinde wako leo, mtu akuwekee alama kwenye mshale pale unapokutana na upinde ukiwa umevuta hadi mwisho wako, kisha niandikie ni inchi ngapi. Tutaanzia hapo.