Volti 12 haziwashi taa za Nixie

Kaka, umeuliza kama adapta ya volti 12 itawasha moja kwa moja taa za saa yako, zile IN-12 (aina ya Nixie, yaani taa za kioo zenye gesi ya neoni zinazoonyesha tarakimu). Haitaziwasha. Neoni iliyo ndani inataka kama volti 170 za DC ndipo iwake, kwa hiyo unahitaji saketi ya kupandisha hizo 12. Kila taa iwekee rizista yake kwenye anodi (mguu wa chanya), mkondo ubaki miliampea 2 hadi 3. Bila rizista, gesi ikishawaka inavuta mkondo bila kikomo na taa inakufa.

Tafadhali heshimu hizo volti 170. Ukishachomoa adapta, kapasita ya saketi hiyo (kile kijenzi kinachohifadhi umeme) bado imebeba chaji. Pima kwa mita kabla hujagusa. Mimi ilinipiga hapa mezani Sinza, ganzi ikapanda mpaka kwenye kiwiko. Kapasita yenyewe iwe ya kuhimili volti zisizopungua 250, ulizia Kariakoo.

Halafu weka DS3231, chipu ya kutunza majira, na betri yake bapa, maana bila hiyo umeme ukikatika saa inapoteza majira.

Na ukiona tarakimu 5 inafanana na 2 iliyopinduliwa, usiirudishe taa. Ndivyo zilivyotengenezwa huko Usovieti.