Subaru ya turbo kati ya Nakuru na Kisumu: pima kwanza, busti baadaye

Lalamiko la kwanza la mwenye Forester XT au Impreza WRX anayeishi Nakuru ni kwamba gari limezubaa, hasa chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika. Fundi wa karibu humwambia aongeze busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo. Hapo ndipo injini nyingi za EJ20, zile za Subaru za lita 2.0, huanza safari ya kwenda kuuzwa kama chuma chakavu.

Kuzubaa kwenyewe kuna sababu inayoeleweka. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na presha ya hewa yake ni takriban kPa 81. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, ni kama 88, na Mombasa ni 101. Kabla turbo haijaanza kusukuma, injini inavuta hewa nyepesi, na kwa kuwa mgandamizo wa injini za turbo hufanywa mdogo makusudi, gari linakuwa zito kuliko hata lile lisilo na turbo.

Sasa fanya hesabu ya busti. Geji ikisoma psi 14, ambayo ni kama kPa 97, turbo iliyoko Mombasa inazidisha presha ya hewa mara 1.96. Ile ya Nakuru lazima izidishe mara 2.2 ndipo geji isome 14 hiyo hiyo. Panda hadi 17 na umefika mara 2.4, na turbo ndogo ya kiwandani, TD04, hapo inapuliza joto kuliko hewa. Shafti yake inazunguka kasi kupita kiasi, moshi unarundikana upande wa eksozi, na faida unayoisikia mgongoni ni ndogo mno kulinganisha na hasara.

Kuna upande wa pili ambao watu husahau. Gari lililofanyiwa tyuni (marekebisho ya kompyuta ya injini) Nakuru likaonekana safi linapita Salgaa, linapanda Mau Summit, linashuka Kericho hadi Ahero, na huko linakuta hewa nzito zaidi na joto la nyuzi 30 au zaidi. Geji bado inasoma 14, lakini hewa halisi inayoingia kwenye silinda imeongezeka na ni ya moto. Ramani ya tyuni, yaani jedwali la namba ambalo kompyuta inafuata, inafika kwenye visanduku ambavyo Nakuru haikuvigusa kamwe. Kama mtu wa kompyuta alivijaza kwa kubahatisha, noki (mchanganyiko kujilipukia kwenye silinda) inaanzia pale Awasi wakati unapita lori. Ukilipia tyuni Nakuru, sema waziwazi kwamba gari hushuka Kisumu, na urekodi upya vipimo vya injini huko kabla ya kulipa salio.

Vipimo vinavyotangulia pesa yoyote ya nguvu

Anza na kompreshani, yaani mgandamizo wa kila silinda. Injini iwe imepata moto, betri imejaa, plagi zote nne zimetolewa, koili zimechomolewa na rilei ya pampu ya petroli imetolewa. Kanyaga pedali ya mafuta hadi chini, piga stata mpaka mshale wa geji usimame. Kitabu cha EJ turbo kinataka psi 142 hadi 171, na silinda zisitofautiane zaidi ya psi 7. Lakini namba hizo ni za usawa wa bahari. Nakuru injini ileile yenye afya itasoma takriban 114 hadi 137, na Kisumu 124 hadi 149. Injini nzuri zimevunjwa Nakuru kwa sababu fundi aliona 120 akatangaza ringi zimekwisha. Na kuna wauzaji wanaoitumia hoja hiyo hiyo ya mwinuko kuficha injini iliyochoka kweli. Kinachosema ukweli ni usawa: 121, 120, 122, 119 ni injini ya kununua, 124, 122, 123, 98 ni ya kukimbia.

Silinda ya kuangalia kwa jicho kali ni namba 4, ya nyuma upande wa abiria. Hiyo ndiyo inayoongoza kwa kupasuka kuta nyembamba za pistoni zinazoshika ringi, hasa kwenye EJ255 ya lita 2.5. Usijaribu ile mbinu ya kumwaga kijiko cha oili kwenye silinda. Silinda za Subaru zimelala, oili inatuama upande mmoja na jibu linadanganya. Tumia kipimo cha kuvuja: jaza hewa kwenye silinda pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefungwa, kisha sikiliza. Hewa ikitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au pistoni. Ikisikika eksozi, ni valvu ya kutolea. Ukiona mapovu kwenye tangi dogo la maji juu ya injini, ni gasketi ya hedi. Kuvuja chini ya asilimia 10 ni salama. Ikizidi 20, ahirisha ndoto.

Cha tatu ni presha ya oili. Funga geji ya kweli, kwa sababu taa nyekundu ya dashibodi huwaka presha ikishaanguka hadi kama psi 2, na kufikia hapo beringi zimeshaanza kusagika. Oili ikiwa ya moto, tarajia kama psi 14 gari likiwa limesimama na 43 au zaidi kwenye mizunguko 5,000. Mshale ukicheza au kushuka unapokata kona ndefu, shuku bomba la kunyonyea oili lililo ndani ya sampu. La kiwandani hupasuka kwenye kiungo chake, linavuta hewa pamoja na oili, na konrodi huanza kugonga. Ukifungua sampu kwa sababu yoyote, badilisha na lililoimarishwa. Kazi ni ya nusu siku, injini ni ya miezi ya mshahara.

Oili, na ule wavu mdogo

Weka sinthetiki kamili ya 5W-40 na ubadilishe kila kilomita 5,000 pamoja na filta. EJ hujazwa kama lita 4 hadi 4.5 kutegemea modeli. FA20, injini mpya zaidi ya Forester ya 2012 kwenda mbele, hujazwa kama 5.1. Jaza ukiangalia kijiti, usimwage galoni nzima kwa kuwa imefunguliwa. Subiri dakika kumi baada ya kuzima, toa kijiti mara mbili, amini upande unaosoma chini. Injini hizi huunguza oili kidogo hata zikiwa nzima, kwa hiyo kijiti kiangaliwe kila unapojaza petroli mara mbili. Turbo nyingi hufa kwa oili iliyopungua, si kwa kuendeshwa kwa fujo.

Filta ya zamani usiitupe. Ikate, nyoosha karatasi yake juani. Unga unaometameta rangi ya shaba ni beringi. Sumaku haitaushika, kwa hiyo fundi anayepitisha sumaku na kusema "hakuna chuma" hajakuambia kitu.

Injini zenye AVCS (mfumo wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka) zina boliti yenye tundu ambapo bomba la oili la turbo linaungana na hedi, na ndani yake kuna wavu mdogo wa kuchuja. Oili iliyokaa hadi kilomita 10,000 hutengeneza masizi, wavu unaziba, turbo inakauka. Mwenye gari ananunua turbo ya ex-Japan kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, inafungwa bila wavu kuguswa, nayo inakufa kabla ya mwezi. Safisha au badilisha boliti hiyo kila unapobadilisha mkanda wa taimingi, na weka washa mpya za shaba pande zote mbili. Ukifunga turbo nyingine, osha pia intakula (kipoza hewa ya turbo) na mabomba yake, maana vipande vya ile iliyokufa vimo humo. Mimina oili kidogo kwenye mdomo wa turbo, toa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe.

Kabla ya kuihukumu turbo, shika shafti yake. Kucheza kidogo pembeni ni kawaida, kusogea mbele na nyuma si kawaida. Oili iliyolowesha bomba la intakula mara nyingi hutoka kwenye valvu ya PCV (ya kutolea mvuke wa ndani ya injini) iliyokwama, spea ya bei ndogo sana. Mvuke huo wa oili ukiingia kwenye silinda unaishusha nguvu petroli na kuleta noki, basi ni vema kufunga kopo la kunasia oili.

Petroli

Magari haya yalipangiwa petroli ya haioku ya Japani, ambayo kiwango chake cha chini kisheria ni oktani 96 na kwa kawaida hukaribia 100. Super ya kawaida ya hapa iko chini ya hapo. Kompyuta ya gari hujitetea kwa kurudisha nyuma wakati wa cheche, ndiyo sababu nyingine ya kuzubaa, lakini ina mwisho wa kujitetea. Jaza petroli ya daraja la juu kwenye kituo chenye wateja wengi. Chupa za kuongeza oktani zinazojisifu kuongeza "pointi 5" humaanisha nusu ya oktani moja, kwani pointi moja ni sehemu ya kumi.

Noki ni mchanganyiko kujilipukia kabla moto wa plagi haujaufikia. Ikiwa kubwa utaisikia kama mahindi makavu yakimwagwa kwenye sufuria, lakini ile inayopasua pistoni kwa kawaida husikii kabisa. Kwa hiyo nunua kebo ya Tactrix ya kuunganisha gari na kompyuta ya mkononi, weka humo programu ya RomRaider, na usome namba ya IAM (kwenye modeli mpya huitwa DAM), inayoonyesha kompyuta ya gari inathubutu kusogeza mbele wakati wa cheche kiasi gani. Kompyuta za zamani zinahesabu hadi 16, za baadaye hadi 1. Ikiwa pungufu ya kiwango cha juu, kompyuta imeshasikia noki ya kuitia hofu. Usiongeze chochote mpaka irudi juu na ikae huko baada ya tangi zima.

Nguvu sasa

Kabla ya kununua, jaza hewa ya psi 12 hivi kuanzia mdomo wa turbo na upulizie sabuni kila kiungo: mipira ya intakula, bomba la valvu ya kurudishia hewa, vipaipu vyembamba vya utupu. Gari la miaka 15 lisilovuja hata mahali pamoja ni nadra, na kuziba tu kunaweza kurudisha nguvu uliyodhani lazima uinunue.

Zile valvu zinazopiga "pssh" nje zinapendwa sana, lakini Subaru inapima kiasi cha hewa inayoingia kwa sensa ya MAF kabla ya turbo. Hewa iliyokwisha kuhesabiwa ikitupwa nje, petroli yake bado inamwagwa, gari linakohoa kati ya gia na plagi zinajaa masizi. Acha ile inayorudisha hewa ndani. Vilevile filta ya koni iliyolowekwa oili huchafua waya wa MAF, na ukipita barabara za murram za Muhoroni na Chemelil nyuma ya matrekta ya miwa, vumbi linapita na kula meno ya turbo. Filta ya karatasi ndani ya boksi lake inatosha hadi nguvu ambazo wengi hawatazifikia. Igonge au uibadilishe mapema.

Eksozi ya inchi 3 kuanzia turbo ndiyo badiliko lenye faida kubwa, na ndilo linalohitaji tyuni siku hiyo hiyo. Moshi ukitoka kwa urahisi, kile kilango cha westigeti cha TD04, kinachopitisha moshi pembeni ya turbo, hakitoshi kuupunguza, busti inapanda yenyewe kwenye mizunguko ya juu hadi kompyuta ikate petroli. Funga pampu ya petroli ya lita 255 kwa saa, plagi za NGK zenye ubaridi wa hatua moja zaidi, yaani namba 7 badala ya 6, pengo milimita 0.7. Katika busti kamili geji ya AFR (uwiano wa hewa na petroli) isome karibu 11.0, na injekta zisifanye kazi zaidi ya asilimia 85 ya muda wake. Kwa Nakuru ningeishia psi 13 au 14 kwenye turbo ya asili, basi. Anayetaka zaidi anunue turbo kubwa ya VF, injekta na intakula kwa pamoja, si kimoja leo na kingine Krismasi.

Forester yenye FA20 na gia ya CVT (otomatiki isiyo na hatua) ni kesi tofauti. Petroli inamwagwa moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo valvu za kuingizia haziogeshwi na hujaa kaboni, zisafishwe. Oili ya CVT ibadilishwe kila kilomita 50,000 hata kama muuzaji anasema ni ya maisha.

Mkanda wa taimingi wa EJ ni kilomita 100,000 pamoja na rola zote, tenshona, pampu ya maji na thamostati. Rola moja ya zamani ikishika, mkanda unaruka na valvu zinapiga pistoni. Maji yajazwe kupitia tangi dogo lililo juu, polepole, kulenti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa. Na vifuniko viwili, cha tangi na cha rejeta, visibadilishane kwa sababu vina presha tofauti. Ukimaliza kupanda Nandi kwa nguvu kutoka Chemelil, kilomita mbili za mwisho endesha taratibu na usimamishe dakika moja kabla ya kuzima. Kwa safari za mjini huhitaji taima ya turbo, kile kifaa cha kuchelewesha injini kuzima.

Na matairi: badilisha manne kwa pamoja, chapa moja. Mzingo ukitofautiana zaidi ya milimita 6 hivi, difu ya katikati inafanya kazi kila mita ya barabara, na dalili ya kwanza ni gari kushikashika ukikata kona kali kwenye maegesho.