Likizo ya Desemba kisiwani Malaysia kwa kundi la wanafunzi: msimu, mfuko wa pamoja na pasipoti

Ndugu muulizaji ameeleza kwamba yeye na wenzake, wote wanafunzi wa kigeni wanaosoma Kuala Lumpur, wanataka kutumia likizo ya Desemba katika visiwa vya Perhentian. Mmoja wao ameshaanza kukusanya michango, na mwenzao mwingine pasipoti yake iko Uhamiaji kwa ajili ya kuongezewa muda wa kibali cha mwanafunzi. Nilisoma huko na nikawa mweka hazina wa kundi la namna hiyohiyo, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, nikianza na jambo ambalo lisiposemwa sasa litawagharimu fedha: Perhentian si mahali pa kwenda Desemba.

Perhentian, Redang, Kapas na Tioman vyote viko upande wa mashariki wa rasi ya Malaysia, vikitazamana na Bahari ya Kusini ya China. Kuanzia Novemba hadi kuelekea Machi upande huo hupigwa na upepo wa msimu unaovuma kutoka kaskazini mashariki. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunaujua msimu huo kuwa ni wa kaskazi, wakati wa joto na jua, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba Desemba ni mwezi mzuri wa bahari popote pale. Kule hali ni kinyume, kwa sababu upepo huo hufika pwani baada ya kupita juu ya bahari pana na kubeba unyevu mwingi, ukamwaga mvua nzito na kuinua mawimbi makubwa. Hoteli nyingi za Perhentian hufungwa, boti za mwendo kasi kutoka gati la Kuala Besut hupunguzwa au kusimamishwa, na hata mtu akibahatika kuvuka hawi na uhakika wa siku ya kurudi. Mwanafunzi anayesubiriwa na usajili wa muhula mpya hawezi kujiweka katika shaka ya namna hiyo, hata akionyeshwa bei nafuu kiasi gani.

Kwa Desemba nawashauri bila kusita mwende Langkawi, kisiwa ambacho kiko upande wa magharibi, mwanzoni mwa mlango-bahari wa Malaka, na hukingwa na rasi yenyewe pamoja na milima yake, hivyo kwamba miezi ya Desemba hadi Februari huwa ndiyo mikavu zaidi kwake. Ndege kutoka Kuala Lumpur huchukua muda wa saa moja. Wenye bajeti ndogo hupanda basi la usiku hadi bandari ya Kuala Perlis, au treni ya umeme hadi Arau, mji ulio karibu na bandari hiyo, kisha huvuka kwa feri kwa muda unaozidi saa moja kidogo. Sisi tulikwenda kwa basi la usiku, na ninalipendekeza kwa sababu ambayo wengi hawaifikirii: linawapunguzia gharama ya usiku mmoja wa malazi. Kasoro ya Langkawi ni kwamba Desemba ni msimu wa watalii wengi na ni likizo ya shule pia, kwa hiyo feri na vyumba hujaa mapema. Kisiwa hicho hakina usafiri wa umma wa kutegemea, lakini kundi likikodi gari na kugawana gharama, kila mtu hulipa kiasi kidogo. Waendeshaji wawe na leseni ya kimataifa, nao wataona wepesi kwa kuwa magari huko hupita kushoto kama ilivyo Kenya, Tanzania na Uganda.

Sasa nije kwenye michango, ambako naona ndiko safari nyingi za wanafunzi huharibikia. Kundi la wanafunzi ughaibuni lina watu wanaokula chakula kimoja na kusoma darasa moja, lakini vyanzo vyao vya fedha havifanani hata kidogo. Kwetu walikuwamo waliolipiwa na serikali zao, ambao posho yao ilikuwa ikichelewa miezi kadhaa, waliotumiwa na wazazi kila walipoomba, na mmoja aliyekuwa akiwatumia wadogo zake sehemu ya fedha yake ya kujikimu. Bajeti ilipojadiliwa mbele ya wote, kila mmoja alikubali kiwango kilichotajwa, kisha baada ya siku chache wawili walijitoa kwa visingizio vya mitihani. Nilizungumza nao faraghani, na ikadhihirika kwamba kilichowazuia ni fedha.

Kuanzia hapo tulifuata utaratibu ambao bado nauona kuwa bora. Kabla ya kutaja hoteli yoyote, kila mshiriki alimweleza mweka hazina peke yake kiwango cha juu kabisa anachoweza kutoa bila kukopa, na mweka hazina hakuruhusiwa kumtaja mtu. Bajeti ya pamoja haikuzidi kiwango cha yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Hatukutafuta wastani, kwa maana wastani huwaumiza walio chini yake, na wao ndio wasiosema. Waliotaka chumba cha peke yao chenye mandhari ya bahari walikilipia wenyewe, jambo ambalo halikumuudhi mtu. Mfuko wa pamoja uligharimia vitu vitatu tu, yaani usafiri, malazi ya kawaida na boti, na chakula kilibaki kuwa cha kila mtu, kwa sababu hakuna kinacholeta manung'uniko ya haraka kama kugawana sawasawa hesabu ya mlo ambao mmoja amekula samaki wa kuchomwa na mwingine amekunywa maji tu.

Mweka hazina wenu asisahau kodi ya utalii, ambayo tangu Septemba 2017 mgeni hutozwa ringiti 10 (fedha ya Malaysia) kwa kila chumba kwa kila usiku. Kibali cha mwanafunzi hakimwondolei mtu kodi hiyo, kwa kuwa waliosamehewa ni raia na wakazi wa kudumu. Kwa vile hutozwa kwa chumba na si kwa kichwa, mkilala watatu badala ya wawili mnapunguza mzigo. Andikeni pia, kabla fedha haijapokelewa, itakuwaje mtu akijitoa. Sisi tulikubaliana kwamba anayejitoa hurudishiwa kile tu ambacho hoteli na kampuni ya usafiri zimekirudisha, isipokuwa amepata mtu wa kuchukua nafasi yake. Ni sharti gumu kulitamka mbele ya marafiki, na kwa sababu hiyohiyo liandikwe wakati wote bado wana furaha.

Kuhusu bahari nitasema kwa uzito. Waulizeni watu waziwazi nani anajua kuogelea, wala msikubali jibu la kichwa kutikiswa. Wengi wetu tumekulia mbali na maji, na aibu ya kukiri hilo mbele ya kundi inaweza kumfanya mtu aruke kutoka kwenye boti ili asionekane mwoga. Kila anayepanda boti avae jaketi la kuokolea maisha, hata waogeleaji hodari, kwa sababu wengine hufuata wanachokiona. Siku moja mwenye boti tuliyoikodi alileta majaketi pungufu na kutuhakikishia kwamba bahari ilikuwa shwari. Tulikataa kuondoka hadi yakaletwa mengine, na safari ikachelewa bila mtu yeyote kulalamika. Katika maji ya Langkawi wapo pia konyeza wa aina yenye sumu kali, ambao wamewahi kuua watu, kwa hiyo ulizeni wenyeji wa ufuo kabla ya kuingia, vaeni nguo za kuogelea zenye mikono mirefu, na bebeni chupa ya siki. Aliyeumwa humwagiwa siki, hasuguliwi ngozi wala haoshwi kwa maji baridi ya kunywa, na hupelekwa hospitali mara moja. Bima ya afya ambayo kila mwanafunzi wa kigeni hulazimika kuwa nayo isomeni mapema, hasa wale wanaotaka kuzamia kwa mitungi ya hewa.

Mkiwa Langkawi, nendeni kwenye mikoko ya Kilim. Boti hukodishwa nzima, kwa hiyo kundi hunufaika, na saa chache za kupita kati ya mikoko na miamba ya chokaa zilitufundisha mengi kuliko siku nzima ya maduka yasiyotozwa ushuru. Eneo hilo ni sehemu ya hifadhi ya kijiolojia iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2007. Perhentian iwekeni kwa likizo ya katikati ya mwaka, wakati maji yametulia na kasa wanapanda fukwe kutaga mayai. Mkienda, chukueni fedha taslimu za kutosha kutoka bara, kwa kuwa kule hakuna mashine za benki, na msikanyage matumbawe.

Limebaki la mwenzenu ambaye pasipoti yake iko Uhamiaji. Langkawi ni ndani ya nchi na haihitaji viza, lakini hoteli na mashirika ya ndege humtaka mgeni aonyeshe pasipoti, kwa hiyo aende sasa katika ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwake aulize itarudi lini, na kama haitarudi kabla ya safari aombe barua rasmi ya chuo inayoeleza iliko. Kisha mpigie hoteli na kampuni ya usafiri kuuliza kama watampokea kwa barua hiyo pamoja na nakala ya pasipoti, na jibu mlipate kwa maandishi. Wenzake nao waache wazo la kuvuka kutoka Langkawi kwenda visiwa vya Thailand, kwa sababu huo ni mpaka wa kimataifa, masharti ya viza hutofautiana kwa kila uraia, na yeye hataweza kuuvuka. Nafasi yake katika mfuko msiigawe kwa mtu mwingine mpaka chuo kimjibu.