Chuma cha kunolea visu: kipi kinafaa kisu kipi, na jinsi ya kukitumia

Mkuu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo, na nadhani ndiyo maana majibu yaliyotangulia yamegongana. Una kisu cha Victorinox, kampuni ya Uswisi, ambacho kikifika kwenye nyanya kinateleza juu ya ganda, hata ukipitishe kwenye chuma, yaani ile fimbo ya kunolea, mara ngapi. Halafu una kisu cha Kijapani, ulichopewa zawadi, ambacho kimeota mapengo tangu uanze kukinoa kwa chuma hichohicho chenye mistari kilichokuja na seti. Sasa unataka fimbo ya almasi, ile iliyopakwa chembe za almasi, imalize yote mawili. Kwa maoni yangu, hela hiyo ungenunua jiwe la kunolea, yaani kinoo. Nimepika kwenye majiko ya hoteli Dar na Zanzibar miaka mingi, visu vimepita mikononi mwangu vya kila aina, na hili la almasi naliona likiharibu visu vizuri kila leo.

Makali ya kisu, pale mwisho kabisa, ni membamba kuliko unywele. Ukikata juu ya ubao, ule wembamba unagonga na kugonga mpaka unalala upande mmoja. Chuma chenyewe bado kipo, kimelala tu. Hapo ndipo chuma cha kunolea kina kazi: kinayasimamisha makali, na kama kina mistari kinakwangua kidogo na kuacha vijimeno visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo vinavyong'ata ganda la nyanya. Lakini kisu kikitumika muda mrefu bila jiwe, makali yanalika na kuwa ya mviringo. Hakuna tena cha kusimamisha. Utasugua mpaka mkono uchoke.

Kujua uko wapi ni rahisi. Shika kisu chini ya taa, makali yakikutazama, ukigeuzegeuze polepole. Makali mazima hayarudishi mwanga, unaona kama hakuna kitu pale. Ukiona uzi mweupe unang'aa, au vidoto vinavyometa, pale pamelika au pana pengo. Nina hakika Victorinox yako ina uzi huo kuanzia karibu na mpini hadi katikati. Hicho kinahitaji kinoo, namba 1000 inatosha (namba ikipanda, chembe za jiwe ni laini zaidi), na kikishatoka hapo ndipo chuma chako kitaanza kuonyesha thamani yake.

Kuhusu kuchagua, jambo la kwanza kulitazama ni ugumu wa kisu, bei ya fimbo baadaye. Viwanda hupima ugumu kwa kipimo cha Rockwell. Victorinox ya jikoni iko kwenye 55 au 56, visu vingi vya Solingen kule Ujerumani viko karibu na 56 hadi 58, na vya Kijapani vingi vinaanzia 60 kwenda juu. Kisu laini makali yake yanapinda, kwa hiyo yanasimamishika. Kisu kigumu hakipindi, kinamegeka. Ukikisugua kwenye chuma chenye mistari, hasa kwa nguvu, kila mstari unavunja kipande. Mapengo yako yametoka huko, kisu hakina kosa.

Chuma chenye mistari basi ni cha visu vya Kizungu na visu vya kawaida vya madukani. Ni ndugu wa tupa, na wala si ajabu: F. Dick, Wajerumani ambao vyuma vyao utavikuta kwenye mabucha ya nchi nyingi, walianza mwaka 1778 pale Esslingen kama karakana ya tupa. Kipitishie ukucha kabla ya kununua. Mistari ikikukwaruza, kiache, hiyo ni tupa kweli iliyovalishwa mpini. Mistari mizuri unaihisi kwa shida.

Chuma laini kisicho na mistari hakikwangui, kinasimamisha tu. Hiki wanakipenda wakata nyama kwa sababu wanakirudia siku nzima na kisu hakiliki. Hapa mtaani utamwona muuza bucha anapitisha makali ya kisu kimoja kwenye mgongo wa kingine, na watu wanacheka. Asichekwe, mgongo uliosuguka ndio chuma chake laini.

Fimbo ya kauri ndiyo ningekushauri wewe mwenye visu mchanganyiko. Ni ngumu kuliko chuma cha kisu chochote ulicho nacho, haina mistari, na inakwangua kwa upole. Tafuta yenye chembe laini, nyeupe mara nyingi. Ubaya wake ni kwamba ikianguka kwenye sakafu ya vigae imekwisha. Nayo ikitumika inakuwa nyeusi kwa vumbi la chuma na kuanza kuteleza. Isugue kwa ufutio wa shule au unga wa kusugulia masufuria, suuza, kausha. Kama huna hela sasa hivi, geuza kikombe cha kauri: ile duara ya kitako isiyo na rangi ya kung'aa ni kauri ileile. Mama zetu wamenoa hapo kabla hatujazaliwa. Ngazi ya saruji, hapana, ile inatafuna.

Sasa almasi. Fimbo hii haisimamishi makali, inakula chuma. Ina nafasi yake, mathalani kisu laini kimekufa na wageni wako mezani. Kuitumia kila asubuhi ni kukila kisu chako taratibu, na kwa kuwa watu wengi huanza palepale karibu na mpini kwa nguvu, baada ya muda kisu kinakuwa na shimo hapo na hakigusi tena ubao. Ukikata kitunguu, vipande vinabaki vimeshikana kama treni. Shimo hilo likishaingia, kulitoa ni kazi ya jiwe ya saa nzima.

Urefu: fimbo iwe ndefu kuliko kisu. Kisu cha sentimita 20 kitafutie fimbo ya 25 au zaidi. Fupi inakulazimisha ukate safari kabla ya kufika nchani. Mpini uwe na kikinga mkono. Duara au bapa, mimi sioni tofauti ya kugombania.

Kutumia. Acha ule mtindo wa wapishi wa kwenye televisheni wa kupiga visu hewani, kelele zile ni za kufurahisha wageni. Weka kitambaa chenye unyevu mezani, simamisha fimbo wima ncha ikiwa juu ya kitambaa, mkono umeshika mpini juu. Weka kisu kwenye sehemu ya juu ya fimbo, ukianzia makali yaliyo karibu na mpini wa kisu. Kisu kikilala mraba na fimbo ni nyuzi 90. Gawa nusu upate 45, gawa tena upate kama 22, kisha lalisha kidogo kiwe 20 au chini kidogo. Cha Kijapani kilalishe zaidi, karibu na 15. Telezesha kwenda chini huku ukikivuta kwako, hadi ncha ya kisu imalizike karibu na kitambaa. Badili upande. Zinatosha tano tano kwa kisu kilichotunzwa.

Nguvu ndiyo inayowashinda wengi. Uzito wa kisu wenyewe unatosha. Ukibonyeza, sehemu ndogo sana ya makali inabeba msukumo wote na unakuwa unayalaza upande wa pili badala ya kuyasimamisha. Kama hujui pembe yako imekaa wapi, paka makali wino wa maka peni, pitisha mara moja kila upande, utazame wino umefutika wapi. Ukifutika juu tu na kubaki kwenye makali, umelalisha mno.

Noa kabla ya kazi, halafu futa kisu, maana kuna vumbi la chuma ambalo hutaki liingie kwenye kachumbari. Kisu cha mkate chenye meno usikipitishe hapo kabisa. Na kile cha Kijapani kilichochongwa upande mmoja, cha samaki, ni cha jiwe peke yake.

Hata hivyo fimbo haitakusaidia kama unakatia kwenye sahani, kioo au marumaru. Ubao wa mti au plastiki. Ukimaliza kukata kitunguu, kisukume kwenye sufuria kwa mgongo wa kisu, si kwa makali. Na nyama iliyoganda iache iyeyuke kwanza.

Mapengo ya kisu chako hayatoki kwa fimbo yoyote. Yanataka jiwe la namba 400 mpaka yaishe, kisha 1000, kisha 3000. Kama mkono wako haujazoea, usimpe fundi wa baiskeli mwenye gurudumu la kunolea. Kwa panga na visu vya kawaida anafaa, ila gurudumu kavu linapasha moto, na makali membamba yakigeuka rangi ya bluu ugumu wake umeshaondoka. Mpelekee Victorinox ukitaka, umwombe asiikandamize. Cha Kijapani kifunge kwenye gazeti ukiweke kabatini mpaka upate jiwe.