Mgongo Unauma Mwaka wa Pili: Nimfuate Daktari Yupi?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 46. Mgongo unaniuma mwaka wa pili sasa, maumivu yanashuka mguu wa kushoto hadi kisiginoni. Daktari wa kwanza alitazama picha ya MRI, akasema diski, kile kitako laini kati ya pingili za mgongo, imetokeza, akanipangia sindano tatu za mgongoni. Wa pili, bingwa wa utengamao (kumrudishia mgonjwa uwezo wa kufanya shughuli zake), anataka nianze na fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Nimwamini nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kwanza hili: ukipata ganzi sehemu za siri, ukashindwa kuzuia mkojo au choo, au mguu ukaanza kulegea, usingoje miadi ya yeyote. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwa madaktari wako. Umenieleza walichosema, hujanieleza walichofanya. Ni yupi aliyekuambia uvue viatu? Nimefanya kazi ya fiziotherapia miaka 27, na hilo ndilo la kwanza ninalomuuliza mgonjwa. Daktari anayeijua kazi hii hukutembeza kwa visigino, kisha kwa vidole. Hukulaza chali, akauinua mguu ukiwa umenyooka huku akiuliza maumivu yanafika wapi. Hugonga goti, na nyuma ya kifundo, kwa kinyundo. Hapo ndipo anapojua kama picha inalingana na mwili wako, maana diski iliyotokeza huonekana hata kwa watu wengi wasioumwa popote.

Sindano siipingi. Dawa ya steroidi, ya kupunguza uvimbe, ikiwekwa karibu na mshipa wa fahamu uliobanwa huweza kutuliza mguu kwa wiki kadhaa, na mtu aliyeshindwa hata kugeuka kitandani akapata nafasi ya kufanya mazoezi. Kinachonitia wasiwasi ni kupanga tatu kabla ya kuona ya kwanza imefanya nini. Muulize: isiponisaidia, je? Na yule wa pili muulize vilevile: nikiwa hivihivi baada ya wiki sita, tunafanya nini? Anayekasirishwa na swali hilo, achana naye.

Mimi niliwahi kuumwa bega. Daktari mmoja kila nikienda aliniuliza maumivu ni ngapi kati ya kumi. Nikisema saba, anaongeza vidonge. Mwingine aliniuliza ninashindwa kufanya nini. Nikamjibu: kufunga vifungo vya gauni mgongoni. Akaliandika kwenye faili, na kila nikirudi ananiambia, "Hebu nionyeshe mkono umefika wapi." Huyo ndiye niliyebaki naye.

Nawe andika kwenye karatasi jambo moja ambalo mgongo umekunyima. Wapelekee wote wawili, pamoja na dawa zote unazomeza, hata ulizojinunulia mwenyewe, kwa sababu diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ikimezwa kwa muda mrefu huweza kuumiza tumbo na figo. Kisha niandikie tena, uniambie nani aliisoma karatasi.